Chumvi ya Hakimu

Machi 5

Mvua imeanza, na wateja wamekatika kama uzi mbovu. Nani atavuka matope kuleta kitambaa cha gauni? Nimeifunika cherehani na nimeamua kuandika humu mambo ya Mama, maana daktari amesema figo zake zimechoka sana, na presha yake tunaijua wenyewe tangu zamani.

Masharti tumepewa. Chumvi ikomeshwe. Viazi na mboga za majani vichemshwe kwanza, maji yamwagwe, halafu vichemshwe tena kwa maji mapya. Mpishi ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Mkaguzi ni mimi, na cheo hicho nimejipa mwenyewe, kwa sababu tangu habari za figo zitoke simu zetu hazipumui. Dada mkubwa aliye ng'ambo anatuma, majirani wanatuma, na wifi ndio usiseme. Majani ya hiki, maganda ya kile, maji ya mchele yaliyolala.

Leo wifi ameniletea video ya mwanamke anayechemsha mbegu za parachichi, ati zinaosha figo.

"Nani huyu?" nikamuuliza.

"Simjui, wifi, lakini anafuatwa na watu wengi."

"Hata ajali ya barabarani hufuatwa na watu wengi."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Akasema kumbe nyumba hii imepata hakimu. Tangu hapo mdogo wangu ananiita Hakimu, na sitasema nimechukia.

Machi 6

Mvua. Viazi mara mbili.

Machi 9

Mteja akiniletea nguo ya dukani na kujigamba nayo, huwa naigeuza ndani nje kabla sijasema neno. Kwa nje kila nguo ni nzuri. Ndani ndiko utakakoona kama mshono umefungwa au umeachwa uning'inie. Na haya ya mtandaoni nayafanya hivyo hivyo. Naangalia anayesema ni nani, amejuaje, na mwishoni anauza nini. Yule wa mbegu za parachichi ana namba ya kuagizia unga wake. Nimemtupa nje. Mwingine wa juisi ya karoti ameiba picha ya glasi kutoka ukurasa mwingine, naye nimemtupa nje. Na juu ya yote hayo, jambo siliamini mpaka nilikute sehemu tatu zisizojuana.

Wifi yeye hana kanuni. Akiona kitu anauliza chini yake, kwenye maoni, kama mtu anayebisha hodi nyumba za watu. Picha inayokaa kando ya jina lake huko ni sufuria yenye shada la maua ya plastiki. Anauliza kisha anakaa kusubiri. Nimemwambia, hao unaowauliza ni wajinga wenzako. Akajibu, "Huenda akapita mmoja anayejua, wifi."

Machi 14

Hakuna mteja. Paa linavuja juu ya kabati la vitambaa. Viazi mara mbili.

Machi 17

Mama ameacha kumaliza sahani. Anachokonoa, anasukuma pembeni, anasema ameshiba. Mikono yake imekonda hadi bangili inapanda kwenye kiwiko.

Wifi anajaribu kwa limau, kwa tangawizi, kwa vitunguu alivyovikaanga mpaka vikawa vitamu. Sikatai, anajitahidi. Lakini kila mara nikiingia jikoni simu imesimamishwa kwenye mtungi wa maji na kuna mtu ndani yake anapika. Nashindwa kujua anaangalia sufuria ipi.

Machi 22

Leo nimelia, na naandika bila aibu.

Mama hakugusa chakula tangu asubuhi. Mchana nilikaa naye kitandani na bakuli la viazi, nikampa kijiko kimoja. Alikishika mdomoni muda mrefu, kisha akakitema kwenye kiganja chake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayeogopa kuniudhi.

"Mnanilisha karatasi," akasema.

"Mama, ni masharti."

"Najua ni masharti. Nimelima, nimezaa, nimezika mume, na sasa nimefika mahali pa kuomba chumvi nyumbani kwangu." Akanishika mkono. "Mwanangu, punje moja tu. Nitaiweka kwenye ulimi, sitaimeza."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua ili asinione. Atakufa kwa njaa kabla figo hazijamfikisha popote. Hilo halimo kwenye masharti ya mtu yeyote.

Machi 25

Nimeipata.

Nimekaa na simu tangu nilipofungua mlango wa kibanda changu cha kushonea, hapa ubavuni mwa nyumba. Niliandika: chumvi salama kwa mwenye presha. Yakaja mengi, nikayapangua moja moja. Mawili yakabaki, la tatu nikalitafuta nje ya mtandao, na yote matatu yanasema neno lile lile: ipo chumvi iliyopunguzwa sodiamu, na ni sodiamu hiyo ndiyo inayopandisha presha. Wa kwanza ni daktari mwenye koti jeupe, ametaja hospitali yake na jina lake kamili. Wa pili ni mpishi mmoja wa mtandaoni mwenye kilemba cha kijani, ambaye hata wifi anamfuata, mama mtulivu asiyeuza chochote. Wa tatu ni dada yangu mwenyewe. Nilimpigia bila kumwambia nimesoma nini, nikamuuliza tu, huko kwenu wenye presha wanatumia chumvi gani? Akaitaja hiyo hiyo, akasema baba wa jirani yake anaitumia miaka yote na anatembea kama kijana.

Hakuna anayeuza. Hawajuani. Wote watatu wamesema jambo moja. Hata mimi sina pa kupinga.

Nimeinunua kwenye duka kubwa la barabarani. Nyumbani nimeimwaga kwenye kikopo cha udongo cha Mama, kile alichokuja nacho alipoolewa, na pakiti nimeikunja nikaitia kwenye droo ya cherehani chini ya vifungo. Mama akijua ni chumvi ya kuigiza ataisusa. Na wifi akijua ataanza kuuliza wapita njia huko kwenye maoni, nyumba nzima itaingiwa na hofu bure. Nimemwambia tu kwamba Mama ameruhusiwa chumvi kidogo, atumie ile ya kikopo.

"Umemuuliza nani, wifi?"

"Nimeuliza."

Machi 26

Amemaliza sahani! Ameikwangua kwa kijiko. Akasema, "Leo mmenirudisha duniani." Wifi akapiga kigelegele kidogo, kisha akajiziba mdomo kwa aibu. Nikajiona mrefu kama mlingoti.

Machi 30

Mama amekula. Mvua. Gauni moja la kupunguza kiuno.

Aprili 2

Wifi ameonja mchuzi akakunja uso. "Wifi, hii chumvi mbona ina uchungu kwa nyuma?"

"Ni unyevu," nikamwambia. "Masika yote chumvi hushika maji."

Akaangalia ndani ya kikopo, akakitikisa, akakirudisha. Kusema kweli nilishangaa jinsi uongo ulivyotoka laini, bila hata kikohozi.

Aprili 5

Mama amekula. Viazi mara mbili. Jioni alitusimulia jinsi marehemu Baba alivyowahi kupika ugali ukawa uji, akauita uji ili asionekane ameshindwa. Mdogo wangu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Siku kama ya leo nilikuwa nimeisahau.

Aprili 13

Mama anasema miguu ni mizito, kama amevaa viatu vya mtu mwingine. Tumesema ni baridi. Nimemshonea soksi za flana.

Aprili 18

Kliniki. Daktari ameangalia majibu ya damu, akavua miwani. Madini yamepanda, anasema, yanaitwa potasiamu. Figo nzima huyatoa, figo mbovu huyaacha yakae, na yakizidi yanaugusa moyo. Nikamuuliza yanatoka wapi. Akataja ndizi, maharage, mboga za majani, viazi. Hasa viazi visipochemshwa mara mbili.

"Chumvi je?" akauliza.

"Kidogo sana," nikasema. Ilikuwa kweli. Sikuona haja ya kueleza zaidi.

Njiani kurudi kichwani mwangu kulikuwa na mtu mmoja tu, amesimama jikoni, macho kwenye simu.

Aprili 19

Nimemuuliza wifi kwa upole, au niliodhani ni upole.

"Maji ya kwanza unayamwaga?"

"Namwaga, wifi."

"Yote?"

"Yote."

"Kila siku? Hata siku unapoangalia hizo video zako?"

Akaweka mwiko chini. "Wifi, unataka kuniambia nini?"

"Nataka kukuuliza madini yanatoka wapi."

Mdogo wangu alikuwa mlangoni. Alisikia yote, akageuka akaenda kuwasha redio yake.

Aprili 21

Nimeanza kusimama jikoni wakati wa kupika. Wifi anachemsha, anamwaga mbele ya macho yangu, anajaza upya. Mvuke umemwunguza kifundo cha mkono, pana wekundu wa urefu wa kidole. Mimi naangalia maji, yeye ananiangalia mimi.

Mama amekula vizuri. Ameomba chumvi iongezwe kidogo. Nimeongeza kwa mkono wangu.

Aprili 23

Viazi mara mbili, nimeshuhudia.

Aprili 24

Viazi mara mbili. Mama anasema moyo unaruka hatua, kama mtu anayeshuka ngazi akakosa kidato.

Aprili 25

Kama anamwaga mbele yangu, basi kuna kitu anafanya nisipokuwepo. Nimemwambia hivyo mdogo wangu. Akasema, "Dada, huyo ni mke wangu." Nikamwambia, na huyu ni mama yako. Niliona neno limeingia, na wakati ule nilifurahi kwamba limeingia.

Mei 1

Hatukulala nyumbani. Mama alianguka akitoka bafuni, hakujikwaa popote, miguu ilikataa tu. Mdogo wangu alimbeba mgongoni hadi barabarani kwenye mvua, mimi nikashika mwavuli ambao haukumfunika mtu. Wifi alikuwa nyuma na kanga kavu na chupa ya chai.

Hospitali wamemwekea nyaya kifuani. Wanampa dawa ya kushusha madini. Daktari wa zamu amesema moyo unapiga vibaya.

Mei 2

Naandika nikiwa kwenye benchi la ukumbini.

Asubuhi alikuja mtaalamu wa lishe, dada mdogo tu, mjamzito, akavuta kiti karibu na mimi. Mdogo wangu alikuwa ameenda kutafuta dawa, na wifi alikuwa ndani na Mama. Akaniuliza tunavyopika, nikamweleza kila kitu kwa mpangilio. Nilitaka ajue kwamba upande wangu hakuna uzembe.

"Na chumvi mnatumia?"

"Kidogo. Tena si ile ya kawaida. Ni ile iliyopunguzwa sodiamu, nimeichunguza mwenyewe."

Kalamu yake ikasimama.

"Tangu lini?"

"Tangu Machi."

"Mama," akaniita, kwa sauti ya chini sana, "wakipunguza sodiamu, unajua wanaweka nini mahali pake?"

Sikujua. Mimi fundi cherehani, ninayejua kwamba ukitoa kitambaa lazima utie kingine au nguo itapwaya, sikuwahi kujiuliza walijaza nini.

"Potasiamu," akasema. "Kwa mwenye presha peke yake ni nzuri, hata mimi humshauri. Kwa mwenye figo kama za mama yenu, hapana kabisa."

Akanigusa bega, akaenda haraka kumwambia daktari.

Kwa hiyo ilikuwa hivi. Wifi alikuwa anatoa madini kwenye viazi kila siku kwa kuvichemsha mara mbili, anaungua mkono, na mimi nikimrudishia Mama kwa kijiko. Alipoomba zaidi, nilimwongezea mimi.

Mdogo wangu aliporudi na dawa aliniuliza mtaalamu kasema nini. Nikamwambia, "Kasema ni madini." Ndilo lililotoka.

Mei 3

Wanapigania moyo. Mama amenitambua. Ameniita Hakimu, akatabasamu upande mmoja. Nilitaka kumwambia. Nikamfuta mdomo kwa kitambaa.

Mei 4

Mama amefariki asubuhi, mvua ikinyesha.

Mei 9

Watu wamejaa nyumbani siku zote hizi, sikuweza kuandika. Sasa naandika la juzi.

Wanawake walikuwa wamekaa sebuleni. Shangazi, dada wa marehemu Baba, ndiye aliyeanza. Akasema amesikia Mama aliuawa na viazi vibichi. Akasema kuna wake wa siku hizi wanapika huku wanacheza na simu. Hakutaja mtu. Kila mtu aligeuka kumtazama wifi, ambaye alikuwa amepiga magoti anagawa chai.

Shangazi alisikia kwa nani? Kwa mdogo wangu. Na mdogo wangu alisikia kwangu.

Wifi akasimama na sinia. Akamtazama mumewe aliyekuwa mlangoni. Mumewe akatazama sakafu. Kisha akanitazama mimi. Hakuwa na hasira, wallahi, alikuwa anasubiri tu, kama anavyosubiri jibu huko kwenye maoni yake. Alijua nimesimama jikoni nikaona maji yakimwagwa. Neno moja langu lingetosha.

Nikashusha macho kwenye kikombe changu.

Aliweka sinia mezani bila kumwaga tone. Jana asubuhi ameondoka kwenda kwa mama yake na begi moja. Sufuria ya viazi ameiacha imeoshwa, imefunikwa.

Mei 12

Mvua inapungua. Mdogo wangu anakula kidogo sana. Kikopo cha chumvi bado kiko jikoni. Leo alikishika akitaka kutia chumvi kwenye yai, nikamnyang'anya. Akanitazama. Nikasema imeingia sisimizi.

Mei 15

Jua limetoka. Mteja mmoja kaleta sare za kushona. Nilifungua droo kutafuta vifungo, pakiti ikafumuka yenyewe kama kitu kilichochoka kukunjwa.

Niliigeuza. Upande wa nyuma, chini, imeandikwa kwamba mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza. Sikuwahi kuigeuza. Nguo za watu wote nimezigeuza.

Nikarudi kwenye simu, nikayapitia upya yale matatu. Daktari mwenye koti jeupe: video yake ina kipande cha mwisho ambacho sikukifikia, nilikata alipokwisha kusema nilichotaka. Anaonya kabisa, ameinua kidole. Dada yangu: nilimuuliza habari za presha, akanijibu habari za presha. Hakuna aliyenidanganya. Nilikuwa nimewauliza nusu ya mgonjwa wangu, nao wakanijibu hiyo nusu kwa uaminifu.

Nikafungua ukurasa wa mpishi mwenye kilemba cha kijani. Yeye hakutaja figo popote. Nikashuka kwenye maoni, mahali ambapo mimi huwa sishuki kwa sababu ni pa wajinga. Watu wanashukuru, watu wanaweka mioyo. Nikaendelea kushuka. Nikaona sufuria yenye shada la maua ya plastiki.

"Dada mpishi habari za kazi. Nina mama mkwe ana presha na figo pia, hali chakula kwa kukosa chumvi, naumia sana. Je hii na mwenye figo anaweza kutumia? Naomba jibu tafadhali."

Tarehe yake ni Machi 19. Siku sita kabla yangu.

Aliiona chumvi ile kabla yangu. Aliitaka kama nilivyoitaka. Akauliza swali zima, akasubiri, na alipokosa jibu hakumpa Mama. Chini ya swali lake hakuna kitu, hakuna hata moyo mmoja.

Nimekaa nalo mbele yangu tangu asubuhi, na sare za mteja hazijakatwa. Nimelia mpaka nimekauka. Kisha nikabonyeza palipoandikwa jibu, nikaandika kwa jina langu kamili, mahali ambapo maelfu watasoma:

"Hapana, wifi. Mwenye figo haruhusiwi, ina potasiamu. Mimi nilimpa Mama bila kukuambia, ndiyo ile ya kikopo, ile uliyosema ina uchungu nikakuambia ni unyevu. Maji ya viazi ulikuwa unayamwaga yote, nilikuona. Aliyemuua Mama si wewe."

Nimeituma. Sasa hivi namsikia mdogo wangu sebuleni, anavuta kiti. Naenda kumsomea mwenyewe, na pakiti mkononi, kabla simu ya mkewe haijalia huko kwa mama yake.